Mke wangu alikufa mwezi wa tano, karatasi inasema wa saba

Mke wangu alikufa mwezi wa tano, Jumanne asubuhi. Presha. Mimi nilikuwa Dubai.

Admin, ficha jina langu. Nina miaka hamsini na mbili, mtu wa Kwale. Kazi yangu kubeba injini kuukuu ghala la vipuri, Ras Al Khor. Shule niliacha darasa la nne, nikikosea maandishi nisameheni. Sijaoa tena.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu afe. Siku ile binti yangu mkubwa alikuwa chuo Mombasa, anasomea maabara ya hospitali. Nikampigia. "Mamako amekufa. Njoo umuoshe." Akalia, halafu akasema, "Baba, kesho mitihani inaanza." Nikamwambia, "Mtihani hauozi. Njoo." Akaja, akamuosha mamake pamoja na shangazi zake, marehemu akazikwa alasiri ile ile. Nikamwambia asirudi chuo mpaka arobaini, wadogo zake hawana wa kuwapikia. Hakubisha. Chuoni hakuaga mtu. Masomo matano wakamwandikia sifuri.

Aliyarudia yote. A nne, B moja. Akamaliza, akapata kazi ya maabara. Sasa anataka udaktari. Kuna chuo kinachukua watu wenye diploma kama yake, lakini wana hesabu yao ya kubadilisha matokeo. Mimi sikuielewa. Nikampelekea karatasi ya matokeo mlinzi wa geti letu, kijana Mganda mwenye digrii. Akanihesabia juu ya boksi. Kila somo lina saa zake, saa zinageuzwa krediti, gredi zinageuzwa pointi, A ni nne. Unazidisha, unajumlisha, unagawa. Hiyo ndiyo GPA. Chuo chake cha Mombasa kilihesabu yale ya kurudia tu. Hiki cha udaktari kinahesabu yote, ya kwanza na ya pili.

"Mzee, akili ya mtoto haina shida," akaniambia. "Shida ni hizi sifuri. Wao wanataka tatu nukta mbili. Yeye na sifuri ana tatu kamili. Bila sifuri ana tatu na nusu."
Nikamuuliza, sifuri zinatokaje?
"Chuo cha zamani kiandike alikuwa msibani. Wapelekeeni cheti cha kifo." Halafu akacheka. "Mimi na digrii yangu nafungua geti, wewe na darasa la nne unazaa daktari!"
Mimi sikucheka. Nilishajua cheti kinasema nini.

Sasa nasema lile ambalo sijamwambia mtu. Mke alipokufa niliomba ruhusa kwa msimamizi wetu wa wakati ule. Akasema, "Kontena zimejaa, mafi ruhusa, hakuna, subiri." Nikasubiri miezi miwili. Msimamizi akahamishwa. Nikaenda ofisini mwenyewe. Yule bwana wa ofisi akasema ruhusa ya msiba ni kwa aliyekufa ndani ya siku kumi, na lazima aone cheti. Kifo hakikuwa kimeandikishwa bado. Kwetu tunazika kwanza, karatasi baadaye. Nikampigia shemeji yangu, kakake marehemu. Nikamwambia nenda kwa naibu chifu, sema amekufa juzi, mwezi wa saba. Akasema, "Shemeji, hiyo ni dhambi." Nikamwambia, "Dhambi yangu. Wewe andikisha."

Wakanipa siku kumi na tano. Nikaliona kaburi. Nyasi zilishaota.

Binti hakukisoma kile cheti. Alikichukua kwa mjomba wake akakipeleka chuo cha Mombasa kikiwa ndani ya bahasha. Wiki iliyopita wakamjibu. Akanipigia WhatsApp, sauti imekauka. "Baba, wanasema mama alikuwa hai siku za mitihani. Wanasema natumia kifo chake kudanganya. Nani aliandika hivi?" Nikamwambia ni makosa ya serikali. Akasema, "Mimi nilimuosha kwa mikono yangu, baba." Nikakata simu. Nilisingizia mtandao.

Nikamuuliza shemeji. Amekwenda ofisi ya vyeti, wanasema tarehe hurekebishwa kwa kiapo. Nikamwambia basi apa. "Mimi? Ulinituma niseme uongo, sasa unataka niseme mbele ya serikali nilisema uongo? Kula kiapo mwenyewe, kifo kilikuwa cha mkeo."

Nikapiga simu ubalozini. Naweza kuapa huko, ila niende na pasipoti yenyewe. Pasipoti iko kwa kampuni. Ukitaka kuitoa unajaza fomu, unaandika sababu, unaambatisha karatasi. Anayeipokea ni bwana yule yule wa ofisi, na cheti cha mwezi wa saba kiko kwenye faili yangu. Nikiandika ukweli, watasema yalla, nyumbani. Nina wawili bado shule. Na huo udaktari atasomeshwa na nani mimi nikirudi Kwale? Nisipoandika, mtoto anakosa chuo, na jina la mwongo linabaki kwake, wakati mwongo ni mimi.

Nimechoka na hizi hesabu. Binti alifanya kila kitu alichoambiwa. Mamake aoshwe, akaosha. Akae, akakaa. Arudie masomo, akarudia. Kila sifuri pale niliiandika mimi, na bado ananiita baba kwa heshima.

Maombi yanafungwa mwisho wa wiki ijayo. Wenye kunitukana tukaneni, ni haki yenu. Pole sitaki, nishapewa nyingi. Nataka mnishauri tu: nikaombe pasipoti nikaape, au ninyamaze nilinde kazi? Na binti nimwambie, au asijue kamwe?

Nijibuni leo Ijumaa. Kesho narudi kazini.