Nyumba Aliyoichagua Mama

Juma lililopita, huko Mururu, nilimwona mwanamke mgeni akikagua nyumba ya kupanga, amemshika binti yake mkono. Kabla ya kutazama paa, aliuliza kama majirani wana watoto. Nilisimama njiani, nikaikumbuka alasiri moja.

Mama na mimi tulikuwa tumevuka mpaka kutoka Bukavu kutafuta pa kuhamia. Nyumba mbili nzuri za matofali alizikataa. Ya tatu ilikuwa ya udongo, na ua wake, uliokuwa mmoja na wa jirani, ulinuka moshi na maharage yanayochemka. Mama aliniacha uani, akaketi mbali juu ya jiwe, akikohoa ndani ya kitenge chake. Nilidhani amechoka.

Jirani, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alitoka na sinia ya viazi. "We katoto, unaangalia nini? Kuya ukule na benzako!" Hakuuliza mimi ni wa nani. Niliketi kati ya watoto wake watano, tukanyang'anyana viazi.

"Batoto bako banakula, Maman," mama alimwambia.

"Kama nzige! Hata moja akiongezeka, sitajua."

Mama alicheka. "Tutaikala hapa," akasema.

Nilifurahi kwamba amenitafutia wenzangu wa kucheza. Kumbe alikuwa akinitafutia mtu wa kunilea. Tulimzika kabla mvua hazijarudi, na usiku ule jirani alinilaza katikati ya watoto wake. Nililia kwa sababu blanketi lao halikuwa na harufu ya mama.