Niliyoyasikia Mugunga juu ya Bikira Maria

Nilitoka Butembo kwa sababu ya habari moja: Furaha yuko hai.

Furaha ni msichana wa Kiwanja. Mwanangu Kasereka alimposa kabla vita havijafika kule, na mbuzi wa mahari niliwapeleka mimi mwenyewe. Kisha risasi zikalia, Kiwanja yote ikamwagika barabarani, na tangu hapo hakuna aliyejua msichana yuko wapi. Sasa Kasereka, ambaye ni seremala kule Goma, akapiga simu kusema amemwona Mugunga, katika kambi ya wakimbizi. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kumbe kijana hajamaliza.

“Papa, iko na mutoto,” akasema. “Haiko wangu. Ba bunduki balimukamata mu pori.”

Kisha akasema, “Papa, kuya,” yaani nije.

Familia ikakaa. Wengine walisema tudai mbuzi warudi, wengine walisema jina la yule msichana lisitajwe tena. Mimi nikawaambia nakwenda. Ninyi mnaosali nami katika shirika letu mnanijua. Nilisoma shule mpaka mwaka wa tatu wa primere, nikaanza kuuza mbao na msumeno wa kuazima, na leo nyumba yangu ina bati mbele na nyuma. Sijawahi kungoja mtu anipangie. Kabla sijafunga hata mfuko nilikuwa nimeshapanga yote: msichana tunamchukua, mtoto anakwenda kwa mabikira. Nasema mabikira kama tunavyosema sisi sote, yaani masista wa konventi, wale wanaolea yatima. Niliupenda mpango wangu jinsi fundi anavyopenda ubao uliokatika sawa.

Asubuhi ya safari nilipanda kamio, lori la mbao na maharage, nikakaa mbele karibu na shofere, jina lake Mbusa, mtu wa maneno mengi na breki kidogo. Ilikuwa Majilio. Akina mama waliokaa juu ya magunia walikuwa wanasali kwa sauti, na walipofika pale pa “akazaliwa na Bikira Maria”, Mbusa akaniangalia kwa jicho la pembeni. Alijua kwamba kwenye shirika mimi ndiye ninayefundisha Kanuni ya Imani.

“Muzee,” akasema, “Yesu angekuwa na baba kama miye na weye, angepunguka nini?”

Nilimwambia asante kwa kuuliza, maana swali hilo nalipenda kuliko chakula. Tulikuwa tunapita mahali penye matope, na kamio mbili zilikuwa zimezama mpaka ekseli, moja nyuma ya nyingine. Nikamwonyesha. Nikamwambia, ile iliyozama haiwezi kuivuta mwenzake, hata injini yake ikiwa kubwa namna gani. Inatakiwa kamio nyingine inayosimama pakavu. Sisi watu, tangu Adamu, ni kamio zilizozama, na baba akizaa mtoto anamzaa humo humo kwenye matope. Yesu hakutoka kwa nguvu za mwanaume yeyote. Alitoka pakavu, kwa Mungu. Lakini kamba isipofungwa kwenye gari lililozama, kuvuta ni bure. Kwa hiyo alizaliwa kweli, kwa mwanamke kweli, kwa damu na maji. Maria ndipo kamba ilipofungwa.

Mbusa akafikiri kidogo. “Na Yosefu?”

“Yosefu ni shofere aliyejua kufunga kinywa,” nikamwambia. Akina mama juu walicheka kuliko yeye.

Kanyabayonga tulifika baridi ikiuma, tukalala pale kungoja msafara, kwa sababu magari hayaruhusiwi kushuka bondeni bila askari. Kesho yake tukateremka. Jamani, lile teremko! Nimelipita mara nyingi na bado moyo unanirukaruka. Unatoka kwenye ukungu, ghafla uwanda wote wa Rwindi unafunguka chini yako, wa manjano, hauna mwisho, na joto linakupiga usoni kama umefungua tanuru. Nyani walikaa kando ya barabara kama wazee wa baraza. Nilimwonyesha Mbusa viboko, akaniambia muzee niache, niangalie barabara.

Mchana, tukiwa tumeshaupita uwanda na askari wa msafara wamegeuza, tukakuta baryeri, kizuizi barabarani. Si ya askari wetu. Vijana wenye bunduki walikusanya karte zetu za uchaguzi, ndizo vitambulisho vyetu, na hapo niliona jambo. Hawakusoma jina la mtu. Kidole kilishuka moja kwa moja mpaka mstari wa baba. Jina la baba ndilo linalowaambia wewe ni wa kabila gani, wa upande gani, upite au ushuke. Mwanaume mmoja, muuza vitunguu, jina la baba yake halikuwapendeza. Wakamshusha, wakamsimamisha juani, wakamuuliza babu yake alizikwa wapi. Akina mama wakaanza rozari, wakawakazia macho wale vijana bila kupepesa. Mwishowe walichoka naye, wakamwachia. Alipanda akakaa katikati ya akina mama.

Kamio ikaanza kwenda tena. Kisha Mbusa akasema taratibu, “Muzee, Yesu akifika pa ile baryeri, kwa mustari ya baba banasoma nini?”

Niliruka kwenye kiti kichwa kikagonga bati. Wangekuta mstari mtupu! Hakuna mtu wa kumshusha Yesu kwa sababu ya baba yake, wala hakuna kabila linaloweza kusema huyu ni damu ya wanaume wetu, tuchinje watu kwa jina lake. Yosefu alimpa jina na nyumba ya Daudi, sawa, lakini alimpa kama zawadi, hakumpa kwa damu. Nimefundisha Kanuni ya Imani miaka na miaka, na jambo hili nilifunguliwa na shofere. Lakini msisahau kwamba aliuliza kwa sababu mimi ndiye nilimfundisha mwanzo.

Goma tuliingia jioni, mlima wa moto ukitoa moshi mwekundu juu ya mji. Mtu asiyeijua Goma nimwambie: ardhi yake ni mawe meusi, mawe ya moto uliopoa, na watu wamejenga juu yake kama hakuna kilichotokea. Kasereka alinipokea Ndosho, kwenye karakana yake, katikati ya milango na vitanda. Alikuwa amekonda. Tulikula bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, akanieleza kwamba anakwenda Mugunga kila mara, anabeba unga, anakaa, na Furaha anamshukuru, basi.

“Namutaka, Papa,” akasema. “Na mutoto namutaka. Lakini yeye hanijibu.”

Nilimwambia aniachie mimi. Msichana akimsikia mzee amekuja kutoka Butembo, jibu litatoka.

Asubuhi moto mbili, pikipiki za abiria, zilitupeleka Mugunga, kwenye barabara ya Sake. Mabashi meupe, vibanda vya turubai, yamejipanga juu ya mawe mpaka macho yanachoka, na upepo unayapigapiga. Karibu na mlango wa kambi katekista alikuwa anawafundisha watoto mchezo wa Noeli. Msichana mdogo aliyepewa kuwa Maria aliinua mkono akauliza, Bikira Maria alikuwa wa konventi gani, ya wale wa kitambaa cheupe au ya wale wa buluu? Katekista alishindwa kujibu kwa kucheka. Mtoto hakukosea sana. Kwetu bikira ni sista, sasa angejuaje? Mimi nilicheka mpaka machozi, nikaingia kambini na moyo mwepesi.

Furaha alikuwa ameketi mbele ya bashi lake. Alinijua mara moja, akainama kunisalimia, akanigeuzia bidoni ya njano, dumu la maji, nikalie. Mtoto, wa kiume, alikuwa anatambaa juu ya kipande cha gunia. Jirani mmoja alipita akamwita mtoto Kapori, yaani kale ka porini, akacheka. Furaha hakugeuza hata kichwa. Niliona amezoea, na kuzoea kule kuliniuma.

Basi nikasema maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikamwambia hata Maria alibeba mimba ambayo watu hawakuielewa, hata Maria walimnong'oneza, lakini Yosefu akamchukua nyumbani. Sisi nasi tunakuchukua. Harusi itakuwa Butembo. Na huyu mtoto asikutie wasiwasi, tutampeleka kwa mabikira, watamlea vizuri.

Furaha alimwinua mtoto akamweka mapajani. Alisema kwa heshima, wala hakupandisha sauti.

“Papa, Bikira Maria, yeye mutoto wake alimupeleka kwa mabikira gani?”

Kasereka aliangalia mawe.

“Na usinifananishe naye, Papa. Maria, yeye balimuuliza. Malaika alikuya, akamuambia, akangoya ajibu. Miye hakuna mutu aliniuliza. Bale ba bunduki habakuniuliza.” Akamfuta mtoto makamasi kwa ncha ya kitenge. “Na weye Papa, hauyaniuliza.”

Nilisimama, nikasema naenda kuangalia maji, nikatembea mpaka kwenye bomba ambako ndoo zilikuwa zimepanga mstari mrefu. Mimi si mtu wa kufundishwa na wasichana. Nilikasirika, nawaambia kweli. Nilizunguka yale mawe nikigombana naye kichwani. Siku zote nilikuwa nikifundisha: hapana mwanaume, hapana nguvu za mwanaume. Kweli tupu. Lakini nilikuwa naishia pale, kama aliyejenga nyumba akasahau mlango. Sikuwahi kuwaambia kwa nini ni vizuri kwamba nguvu hazikuwamo.

Pale kwenye foleni ya maji nikaliona jibu. Mungu ambaye angeweza kuchukua, hakuchukua. Huyo aliyeumba mlima ule unaotoa moshi alituma malaika kwa msichana wa kijijini, na maneno yakasemwa, na msichana akauliza lake, “litakuwaje neno hili?”, akajibiwa bila kufokewa. Kisha mbingu yote ikanyamaza kungoja kinywa cha mtoto wa watu. Mpaka aliposema “na iwe kwangu”. Katika nchi yetu hii kila mwenye nguvu anachukua: mbuzi, shamba, dhahabu, mabinti. Na Mkombozi wetu aliingia duniani kwa kuomba ruhusa! Nilisema kwa sauti, “Aliomba ruhusa!” Mama mmoja mwenye ndoo akaniambia, muzee, kama ni maji, hapa na weye unapanga mustari.

Nilirudi karibu nikikimbia, mawe yakinigeuza visigino. Nikaketi kwenye ile bidoni, nikavua kofia.

“Furaha,” nikasema, “nakuuliza. Unataka kuolewa na Kasereka, ao hautaki? Na mutoto, unataka nini juu yake? Ukikataa, hakuna mutu atakulaumu, na mbuzi hatutadai.”

Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko kupasua mbao. Nilingoja. Mtoto alichezea kamba ya kiatu changu. Upepo ulipiga bashi. Mara mbili nilifungua kinywa nimsaidie kujibu, mara mbili nikakifunga.

“Mutoto anabaki na miye,” Furaha akasema mwishoni.

“Anabaki,” nikasema.

“Na Kasereka, namupenda. Lakini bado silale usiku.” Akamgeukia mwanangu, mara ya kwanza tangu tufike. “Unitengenezee mulango. Chumba kidogo, na mulango ya nguvu. Komeo ikae ndani, kwangu. Ukikuya, bisha hodi. Siku nitafungua nikuambie ingia, iyo ndiyo harusi.”

Kasereka alilia, mtu mzima na ndevu zake. Akamchukua mtoto, akamwinua juu, akamwambia jina lake ni Paluku. Ninyi mnajua, kwetu Paluku ni jina la mvulana wa kwanza, jina la mahali pake katika nyumba. Alilisema kwa nguvu ili majirani wasikie. Jirani yule yule aliyecheka akatoka kuangalia, na Kasereka akarudia tena, “Anaitwa Paluku.” Kufika jioni nilisikia watoto wa kambi wanamwita hivyo.

Siku zilizofuata hazikuwa za maneno. Tulikodi chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane wa parokia, pale Ndosho. Mbao nilichagua mimi, kavu, zisizo na fundo. Mlango alitengeneza Kasereka, na nimeona milango mingi maishani mwangu lakini hakuna uliopigwa randa hivyo. Furaha alipohamia, alimwambia kila mtu atoke nje. Akafunga. Tukasikia komeo linaingia. Kisha tukasikia anacheka humo ndani peke yake na mtoto wake. Kasereka na mimi tulisimama uani kama wajinga wawili, tukacheka pia.

Nilirudi na msafara uliofuata, njia ile ile, baryeri ile ile. Safari hii walitupitisha sote bila shida.

Sasa mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba tukisema “akazaliwa na Bikira Maria” hatusemi ajabu ya tumbo tu. Tunasema wokovu haukutengenezwa na mwanaume yeyote, hata mimi niliyejitengenezea kila kitu. Tunasema Mungu alikuja kwetu bila kumlazimisha mtu. Anayekuja na nguvu akisema ametumwa na Mungu huyo, mwambieni hamjui Mungu huyo. Jumapili hii nitalifundisha hivyo, na asiyependa aje tubishane, nipo.

Mke wangu ameniuliza harusi ni lini nikamwambia sijui. Kasereka anapita pale kila jioni baada ya kazi, anabisha hodi, wanaongea kupitia ubao, mtoto anapiga mlango kwa viganja upande wa ndani. Komeo liko kwa Furaha. Sisi tunangoja.