Alhamisi za Mama Danstan

Speciosa ndiye aliyeleta habari kisimani: Mama Danstan, yule mjane wa ng'ambo ya njia, kila Alhamisi jioni anavaa kitenge chake cha kanisani, anakwenda nyuma ya migomba kuongea na kaburi la mumewe. Tena kwa Kiswahili.

"Na marehemu alikuwa hajui Kiswahili hata cha salamu," alisema Speciosa. "Au huko aliko wamefungua shule?"

Wanawake wakacheka. Priscila naye akacheka, mtoto mgongoni, ingawa ukweli aliujua. Upande wao wa kijiji cha Ntobeye, mtandao ulishika pale penye kaburi tu. Danstan, aliyeko Mwanza, alikuwa amemtumia mama yake simu kubwa na kumwunganisha na daktari anayeona wagonjwa kwa video, maana mama ana ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni. Mama Danstan mwenyewe alimweleza Priscila hayo, akamwomba awe anafuatana naye amsaidie Kiswahili, kwa kuwa chake kilikuwa cha kuuzia maharage. Priscila akasingizia mtoto. Aliogopa kusemwa.

Basi mama wa watu akawa anakwenda peke yake. Anaishika simu kama anayepigwa picha, daktari anaona uso tu. Daktari akiuliza kama dawa anakunywa, ndiyo. Kama kidonda kinakauka, ndiyo. Ndivyo alivyolelewa: mkubwa hapingwi, wala mgeni haonyeshwi mguu unaonuka. Daktari akawa anamsifu, anamwambia aendelee hivyo hivyo.

Haikupita miezi miwili, homa ikamwangusha. Hospitali wakamkata mguu chini ya goti.

Siku aliyorudishwa, Priscila alimpelekea uji. Alipiga magoti, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamimina uji kikombeni. Mama Danstan akampokea mtoto, akampakata, akauliza kama meno yameanza kuota. Lawama hakuitoa, na Priscila aliona afadhali angegombezwa.

Halafu yule mama akasogeza blanketi, akatoa mguu uliobaki. Kisiginoni palikuwa na lengelenge, dogo kama punje ya mahindi.

"Kesho daktari atapiga," alisema. "Njoo unikokote hadi kaburini, ushike simu wewe, mwanangu. Mimi nikishaanza ndiyo zangu, usiningoje. Igeuzie huku chini, aone."