Mke wa Fundi Alikwenda Kusomea Jua

Fundi cherehani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini tangu mkewe aende chuo kikuu, hata hayo machache yalikosa pa kwenda. Miaka na miaka yeye alishona katika chumba cha mbele, na mkewe alirudi jioni kutoka ofisi ya mipango miji, viatu mkononi, akilalamika kwamba mitaro imeziba na wakubwa wameziba zaidi. Kisha mkewe akapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, mambo ya tabianchi na maendeleo endelevu, katika mji ulio safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Niende?" aliuliza.

"Nenda. Ukibaki utaninunia mpaka uzeeni."

Walicheka. Siku ya safari hawakucheka.

Rafiki yake fundi viatu, waliyegawana naye kibaraza, alipata la kusema. "Eti shemeji kaenda kusomea jua? Jua lenyewe si hili linatuchoma hapa bila ada!" Fundi cherehani akatabasamu, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, uzi ukagoma kuingia.

Nyumbani alibaki na mama mkwe, bibi mcheshi aliyesikia alichotaka tu. Chai yao ama ilikuwa asali tupu, ama haikuwa na sukari hata chembe, maana mara wote wawili walitia, mara kila mmoja alidhani mwenzake ameshatia. Kuna jambo fundi hakumwambia mtu: mara nyingine alilitoa kabatini koti la mkewe, akakaza vifungo ambavyo havikulegea.

Simu zilikuwepo. Mwanzoni mkewe alieleza hata alichokula. Baadaye zikaja habari za hewa ukaa, na za "sisi kwenye kundi letu". Hilo "sisi" ndilo lililomkwaruza. Zamani "sisi" walikuwa wawili.

Msimu wa sare za shule ulipokwisha, fundi akapanda basi kumfuata mkewe. Alielekezwa ukumbini, ambako mkewe alikuwa akiwasilisha utafiti wake. Akajibanza kiti cha nyuma, mfuko wake magotini. Mkewe alikuwa amekonda, na miwani aliyovaa ilikuwa mipya. Ukutani palikuwa na picha ya mtaa wao iliyopigwa kutoka juu, mabati yaking'aa.

"Kuna chumba ninachokijua," mkewe alisema, "kinatazama machweo. Alasiri, fundi aliyemo hujifunga kitambaa kibichi shingoni, jasho lisidondokee nguo ya mteja. Tukipanga mji bila mti wala njia ya upepo, mzigo tunamtwika mtu kama huyo."

Watu waliandika. Fundi aliinamisha kichwa. Kumbe muda wote alidhani anayekumbuka ni yeye peke yake.

Jioni, katika chumba cha kitanda kimoja na vitabu mpaka dirishani, mkewe alisema, "Wananitaka nibaki nifanye uzamivu. Miaka mingine mitatu."

"Na wewe unataka?"

"Nataka. Na nyumbani nataka vilevile. Moyo ni huu huu mmoja, mume wangu, sijui niukate wapi."

Neno "rudi" lilimfika fundi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Mama kila siku ananiuliza unarudi lini," alisema.

"Na wewe mbona huniulizi?"

"Naogopa jibu."

Mkewe akamshika mkono, akaupapasa ule ugumu wa kidole cha sindano. Chai aliyomtilia ilipoa.

"Baki," fundi alisema hatimaye. "Ila usije ukageuka mgeni kwangu."

Basi mkewe akabaki. Kila kiangazi alikuja na wanafunzi wenzake kupima joto la vyumba vya mtaani, na kwa majuma machache nyumba ilijaa viatu na vicheko. Mama mkwe aliwaita wote wajukuu. Manispaa nayo ilipanda miti kando ya barabara. Mingi ililiwa na mbuzi, michache ikashika.

Kila mara kazi ilipokwisha, fundi alimsindikiza mkewe stendi. Alimnunulia maji, akambebea begi mpaka mlangoni, wakazungumzia mambo madogomadogo, kama vile bomba linalovuja. Basi likiondoka, yeye hakuondoka. Alisimama palepale, mpaka wapiga debe wakaanza kumuuliza, "Mzee, unaelekea wapi?"