Mfereji Wenye Kitone Chekundu

Maji yaliyochemshwa na jua ndani ya tangi la plastiki yana harufu yake. Leo yameniunguza vidole, na harufu hiyo ikanirudisha kwenye choo cha nyumba yetu ya Hail, nchi za Waarabu, utotoni.

Mama yuko kazini. Mdogo wangu analia kwa homa, na televisheni ukumbini inasema kesho joto litazidi la leo. Bibi, aliyefika juzi tu kutoka Unguja, akampeleka kumwogesha. Akafungua mfereji wenye kitone cha buluu, kama ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye akili zake. Akaurudisha mkono upesi. Akangoja maji yapoe, kumbe ndiyo yanazidi.

"Bibi, fungua wa nyekundu!"

"Nimtie maji ya moto na homa hii? We una wazimu?"

Sikujua kueleza. Nikaufungua mwenyewe, nikatia kichwa chini yake. Bibi akanidaka kunivuta, maji yakamrukia mkononi, akaniachia. Yalikuwa baridi. Miezi ya joto mama huzima hita ya maji ya chooni. Mfereji wa buluu hutoa maji ya tangi linalotokota juu ya paa; wa nyekundu hutoa ya ndani ya hita, yaliyopoa kivulini.

Akammwagia mtoto kata baada ya kata, mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi zikaisha. Alipovuka mlango wa choo ndipo aliposema alhamdulillahi, kwa sauti.

Televisheni ikarudia: kesho joto litazidi.

"Na lizidi," bibi akaijibu. "Mfereji tushaujua."