Stroberi Zenye Ukakasi

Mtaani wanamwita Shoti, kwa sababu ukimgusa tu, cheche. Shule aliiacha mapema na hakuna aliyemfuata kumrudisha. Anakaa kwa kaka yake, ghorofa ya mwisho, na juu ya paa amepanga ndoo kuukuu mistari miwili, zote stroberi. Wifi yake alikuwa analitaka paa hilo aanike nguo. Wakakubaliana: mpika jamu wa sokoni akizikataa stroberi tena, ndoo zinashuka zote.

Tena, maana msimu uliopita alishazikataa. Zilikuwa nene, zimepauka. Alitafuna moja akasema anauziwa maji yenye mbegu. Shoti alimjibu maneno yasiyoandikika. Hasira zilipopoa, akaenda kumbana bwana shamba. Yule akamwambia mmea wake umedekezwa, mbolea ya yuria na maji mpaka umevimbiwa. Mmea ukisumbuliwa kidogo, wadudu wakiutafuna, unajitengenezea dawa ya kujilinda. Ndiyo ile rangi iliyokolea na ule ukakasi unaokaza ulimi, na wataalamu wanasema hata mwili wa mtu unafaidika nayo.

Shoti akaling'ang'ania hilo. Yuria marufuku, maji kwa kiasi, viwavi wakizidi anawatoa kwa mkono, wachache anawaacha watafune. Majani yakatoboka. Wifi akawa anapanda kuchungulia, anashuka anacheka.

"Wifi, unalima au unafuga viwavi?"

"Vyote. Wewe subiri."

Siku ya kuchuma, mstari wa ukutani ulikuwa na stroberi ndogo, nyekundu inayokaribia weusi. Mstari wa karibu na ngazi, nene tu, zimepauka vilevile. Shoti akageuka kumtazama wifi. Wifi akakiri: aliona majani yanakwisha, akaingiwa na huruma, akawa anamwagia yuria mstari ule Shoti akiwa kibaruani. Paa alilitaka, ndiyo, lakini si kwa kumwona mwenzake anaumbuka sokoni.

Moto uliowaka hapo ulisikika mpaka ghorofa ya chini. Shoti alipomaliza, akajaza mabeseni mawili, hakuchanganya.

"Twende wote. Na beseni lako unabeba mwenyewe."

Mpika jamu alianza na la wifi. Akatafuna, akameza. Akahamia kwa zile ndogo. Uso ukamkunjika, ulimi ukamkaza, akatia nyingine mdomoni, na nyingine. Akasema hizi rangi yake haitamkimbia sufuriani, na ladha itasikika hata chini ya sukari. Akalichukua beseni zima. La wifi akalisukuma pembeni, kwa adabu.

Njia nzima Shoti alibana midomo, ingawa ilimuwasha. Wifi ndiye aliyeanza.

"Basi nibakishie nusu ya paa. Nguo nazo zinataka jua."

"Robo," Shoti akasema. "Na kila ukipanda, ngazini nakupekua."