Nilifukiza Ubani Chupa ya Kupimia Sumu

Jamani, kosa ni langu, nimsingizie nani? Kwetu Jilore watu wamebeba ndoo za maji kutoka mto Sabaki majuma matatu mazima. Aliyewabebesha ni mimi!

Alikuja dada wa maabara kupima kisima chetu kama kina sumu ya aseniki. Akatia maji kwenye kichupa, akanyunyiza unga wa dawa, akafunika kwa kikaratasi cheupe. Hewa ikapanda, karatasi ikageuka hudhurungi, dalili ya sumu. Lo! Kisima kikatiwa kufuli.

"Msitishike," akasema. "Maji yenu yananuka yai viza, na hewa hiyo nayo huichafua karatasi. Mashine ya maabara ndiyo itakayosema kweli."

Akaniachia ufunguo na chupa, niteke asubuhi maji ya kupeleka maabara, aipitie akitoka kupima visima vya Magarini. "Usijisumbue kuiosha," akaniambia.

Sasa, kwetu mgeni akisema usijisumbue, si ndipo unajisumbua? Nikaimwaga, nikaisugua kwa sabuni, nikaifukiza ubani kama nyanya afukizavyo mtungi, ndipo nikateka. Nikaota wakubwa wa maabara wanayanusa maji yetu, wanauliza, "Huyu kijana ni wa nani? Aletwe tumwajiri!"

Dada akaja, akafungua, akanusa.

"Kaka, haya maji yanapimwa au yanaozwa?"

"Nimeyapendezesha kidogo, dada."

"Na matone ya dawa ya kuhifadhi maji yaliyokuwa ndani?"

"Yale? Nilidhani uchafu!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua daftari lake. "Chupa nyingine yenye dawa sina hapa, na zamu yenu kwenye mashine ilikuwa kesho. Nyingine ni baada ya majuma matatu."

Ole wangu! Shemeji yangu Dama, mke wa kaka, ana mimba ya miezi minane. Nilimkuta njiani na ndoo kichwani, miguu imevimba.

"Shemeji," akasema, "ubani wako nausikia mpaka mtoni!"

Nilicheka, halafu nikalia. Tangu siku hiyo ndoo zake nikazibeba mimi, shingo ikazama mabegani.

Chupa ya pili hata sikuipumulia. Majibu yakaja: hakuna sumu! Wenzangu wakapiga vigelegele, mimi nikatamani kuingia kisimani. Kumbe siku zote zile tungekuwa tunateka hapa hapa mlangoni!

Wenzangu, ukiambiwa usioshe chupa, usiioshe! Na mikono ikikuwasha kwa ukarimu, mtafute mjamzito, umtue ndoo.